Mtu Aliyenunua Shamba Kabla ya Kuliona

Masomo: Luka 14:15–24, Yeremia 32:6–15



Katika mfano wa karamu kubwa Bwana wetu ataja watu watatu walioalikwa, nao wakakataa kuja. Wa kwanza alitoa udhuru wa shamba: amekwisha kulinunua, na sasa hana budi kwenda kuliangalia. Neno hili tumelihubiri mara nyingi, na kila mara tumemlaumu mtu huyu kwa sababu alipenda mali kuliko meza ya mwenyeji wake. Hayo ni kweli, wala siyapingi. Lakini mwaka huu, nilipokuwa nikitengeneza hotuba ya Jumapili ya pili baada ya Utatu, nalikwama katika neno moja dogo, nisiweze kupita. Mtu huyu alinunua kwanza, kisha akaenda kutazama. Ni nani afanyaye hivyo? Mkulima wa Galilaya hakutoa fedha yake kwa shamba asilolikanyaga kwa miguu yake. Alitaka kujua mawe yake, maji yake, na jirani zake ni watu wa namna gani. Nadhani wale waliokuwa mezani walicheka waliposikia udhuru ule, maana ulikuwa uongo usiojua hata kujificha.

Mimi sikucheka. Nalikumbuka ya kuwa mimi mwenyewe nalitia sahihi yangu chini ya ununuzi wa namna ileile, na aliyeumia ni mjane wa usharika wangu.

Nitawasimulia habari hii pasipo kutaja jina la mtu wala la mtaa. Wenyewe wamenipa ruhusa, nao ni hai, tena huketi katika ibada moja.

Mama huyu alifiwa na mumewe, akaachiwa watoto wanne na fedha kidogo ya kiinua mgongo. Aliishi katika nyumba ya kupanga, vyumba viwili, na kila mwaka kodi ilipanda. Akasema moyoni, Fedha hii ikiliwa kidogo kidogo itakwisha, na wanangu watabaki bila mahali pa kulaza vichwa. Basi akatafuta kiwanja. Mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa na shamba la mikorosho kando ya barabara iendayo mkoani, naye alikuwa akilikata vipande na kuviuza. Wakaafikiana: kipande cha hatua 20 kwa hatua 20. Walifurahi wote wawili kwa kuwa ni watu wa meza moja ya Bwana, wala hawakuona haja ya kumwita mtu mwingine ila mimi.

Wakaja kwangu baada ya ibada, chumba cha sakristia. Nalikuwa na haraka. Kulikuwa na mkutano wa baraza, na watoto wa kipaimara wakinisubiri nje. Nikachana karatasi katika daftari, nikaandika mapatano yao. Mzee alisema "hatua". Kalamu yangu iliandika "mita". Sikukusudia kudanganya, naliona tu ya kuwa neno "mita" lafaa zaidi katika karatasi, lina heshima ya ofisini. Mzee akatia sahihi, mama akatia sahihi, nami nikatia yangu kama shahidi, tukaomba, tukaachana. Kiwanja chenyewe sikukiona. Hata leo siwezi kusema ni shahidi wa kitu gani nilikuwa.

Miezi minane ikapita. Mama akanunua mawe na mchanga, akamleta fundi kuchimba msingi. Siku ileile jirani wa upande wa kaskazini akaja, akasema, Mpaka wangu ni mwembe ule, nanyi mmechimba ndani yake. Fundi akatoa utepe wake wa kupimia. Upana ulikuwa mita 15, urefu mita 14. Kisha akaja kijana mmoja anayefanya kazi ya barabara, mtu mwema, akawaonya: ile mita 4 ya mbele imo katika hifadhi ya barabara, wasijenge hapo. Fanyeni hesabu, ndugu zangu. Karatasi ilisema mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Mama alipewa 15 kwa 14, ndiyo 210. Ukitoa sehemu ya barabara, zabaki 15 kwa 10, mita za mraba 150. Fedha ya mjane ilinunua mia nne, naye alipata mia na hamsini.

Alikuja kwangu jioni ile. Hakulia, wala hakupaza sauti. Aliiweka karatasi mezani, akaweka kidole chake juu ya sahihi yangu, akaniuliza, "Baba Mchungaji, wewe ulitia mkono wako hapa. Uliona nini?"

Sikuwa na jibu. Katika Katekisimo Ndogo tumewafundisha watoto wetu kwamba Amri ya Nane yakataza kumshuhudia jirani uongo, nasi hufikiri habari za baraza la hukumu na masengenyo ya kisimani. Hatufikiri shahidi aliyetia sahihi juu ya jambo asilolijua. Naye ni shahidi wa uongo, hata akiwa na kola ya uchungaji shingoni.

Usiku ule nikafungua kitabu cha Yeremia, sura ya 32, maana nalijua ya kuwa huko yako maandiko marefu ya kununua shamba. Tazameni jinsi mambo yalivyokuwa. Ni mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na nabii amefungwa katika ua wa walinzi. Hanameli, mwana wa amu yake, anakuja kumtaka anunue shamba lililoko Anathothi, na Bwana alikuwa amekwisha kumwambia Yeremia kwamba mtu huyu atakuja. Kama kuna mtu ulimwenguni aliyeweza kusema, Mimi sihitaji karatasi, Mungu mwenyewe amenihakikishia, mtu huyo alikuwa Yeremia. Muuzaji ni ndugu wa damu. Mnunuzi ni nabii. Nchi yenyewe i karibu kutekwa, wala hakuna ajuaye kama kutakuwa na mtu wa kuuliza habari za mipaka kesho.

Lakini tazameni alivyofanya. Fedha ilikuwa shekeli 17, naye aliipima katika mizani mbele ya watu. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi nao wakaandika majina yao. Hati zilikuwa mbili: moja iliyofungwa kwa muhuri na moja iliyo wazi, ili mtu akitaka kusoma aisome ile ya wazi, na shaka ikitokea ifunguliwe ile nyingine. Kisha akampa Baruku mbele ya Hanameli, mbele ya mashahidi na mbele ya Wayahudi wote walioketi uani, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Sura ile yaeleza habari za mizani, muhuri na chungu kwa uangalifu mkubwa, nasi tukiihubiri tunaruka mpaka kwenye ahadi ya mwisho. Ahadi ni tamu, ndiyo. Walakini ahadi ile ya kwamba watu watanunua tena nyumba na mashamba katika nchi ile ilitolewa juu ya hati iliyoandikwa sawasawa. Imani ya Yeremia haikumfanya mvivu wa kupima.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa Ibrahimu pia, aliponunua pango la Makpela kwa Efroni Mhiti, katika Mwanzo sura ya 23. Efroni alitaka, au alijifanya kutaka, kumpa bure. Ibrahimu alikataa. Alitoa shekeli 400 za fedha, kwa uzani uliokubalika na wafanya biashara, masikioni mwa watu wote walioingia lango la mji. Na Maandiko yaeleza kilichonunuliwa: shamba, na pango lililo ndani yake, na miti yote iliyomo katika mipaka yake pande zote. Sisi wa pwani twapaswa kuisoma aya hiyo ya miti mara mbili. Kwetu kuna mahali ambapo udongo ni wa mtu mmoja na minazi au mikorosho ni ya mwingine, aliyeipanda kwa ruhusa zamani. Mgeni hununua kiwanja, kisha msimu wa korosho mtu aja na kapu lake kuokota, na ana haki. Ibrahimu alikuwa mgeni katika nchi ile, naye aliuliza habari za miti.

Sasa, ndugu zangu, nataka kusema kwa maneno ya wazi mambo ambayo mtu wa kununua nyumba au kiwanja katika nchi yetu ya Tanzania yampasa kuyachunguza. Wengine watasema mchungaji ameacha Injili na kuingia katika kazi ya mpima ardhi. Wakae na mama yule jioni moja, kisha waseme.

Kwanza hatua. Hatua si kipimo. Mtu mrefu akitembea kwa kujivuna, hatua yake yakaribia mita. Mzee mwenye magoti mabaya hupiga hatua ya robo tatu ya mita, na mara nyingine pungufu. Hatua 20 za namna hiyo ni mita 15, na 15 kwa 15 ni mita za mraba 225. Basi kabla hujadanganywa na mtu, umekwisha kupoteza 175 kwa sababu ya magoti yake. Kwa mashamba ni vivyo hivyo. Watu husema ekari ni hatua 70 kwa 70. Ekari ya kweli ni mita za mraba 4,047 hivi. Ukipima 70 kwa 70 kwa hatua ya robo tatu ya mita utapata chini ya 2,800, yaani theluthi mbili ya ekari na kidogo. Chukua utepe wa mita 50, mwite muuzaji ashike ncha moja, nawe shika ya pili. Pima pande zote nne, si mbili, maana viwanja vyetu havina desturi ya kuwa na pembe sawa. Pima na mishazari miwili pia, kutoka pembe hata pembe. Ikitofautiana, kiwanja kimepinda, na fundi wako atakuambia hivyo baada ya fedha kwisha kulipwa.

Kama kiwanja kimepimwa na Serikali, kitakuwa na namba yake na kitalu chake, na mawe ya mpaka katika pembe zake, ambayo watu huyaita bikoni. Usikubali kuonyeshwa jiwe kwa kidole kutoka mbali. Ondoa majani, lisome, lilinganishe na ramani ya upimaji. Jiwe huweza kung'olewa usiku na kupandwa mahali pengine. Torati ilijua jambo hilo mapema: katika Kumbukumbu la Torati sura ya 27, miongoni mwa laana zilizotamkwa mlimani Ebali, imo ya mtu asogezaye mpaka wa jirani yake, nao watu wote waliitikia Amina. Laana hiyo yakaa karibu sana na ile ya mtu ampotezaye kipofu njia. Naona si bure. Mnunuzi asiyejua mipaka ni kipofu, na mwenye kumwonyesha jiwe la uongo ampoteza njia.

Kisha nenda ofisi ya ardhi. Kwa kiwanja chenye hati omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Ada yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya ardhi. Huko utajua jina lililoandikwa, na kama kiwanja kimewekwa rehani benki, au mtu ameweka zuio. Jina la hati likiwa la marehemu, uliza msimamizi wa mirathi ni nani na barua yake ya mahakama iko wapi. Mtoto mkubwa si msimamizi kwa sababu ni mkubwa. Nimeona ndugu watano wakigawana fedha ya nyumba ya baba yao, na wa sita akarudi kutoka machimboni, na mnunuzi akaanza upya. Boazi, alipotaka kulikomboa shamba la Naomi, aliketi langoni mbele ya wazee kumi, akamwita kwanza yule jamaa aliye karibu kuliko yeye, ili isiwepo haki iliyofichwa nyuma ya ununuzi wake.

Uliza habari za mke pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Ukimwona mwanamume akija peke yake, mwenye haraka, akitaka malipo leo jioni, mwambie, Ndugu, twende kwanza nikamsalimu mama wa nyumbani. Kama ni mtu wa haki atakupeleka.

Na ardhi ya kijiji ina utaratibu wake. Tangu Sheria za Ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, ardhi ya kijiji yasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mtu wa nje hawezi kuinunua kichochoroni na kuamka asubuhi akiwa mwenyeji. Muhuri wa mwenyekiti ni mzuri kuwa nao, nami sidharau. Lakini muhuri huo wasema kwamba watu hawa walifika mbele yangu. Hausemi ya kuwa kiwanja hakijauzwa kwa mwingine mwaka jana.

Nenda kukitazama wakati wa mvua. Kiwanja cha kiangazi na kiwanja cha masika mara nyingi ni viwanja viwili. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yalipochukua nyumba za bonde la Msimbazi, watu wengi walihamishiwa Mabwepande, na mwisho wa mwaka 2015 nyumba nyingine za bondeni zikabomolewa. Wengi wa wale walinunua kwa fedha halali, katika jua kali, bonde likiwa kavu kama jamvi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Barabara nazo zina hifadhi yake: kwa sheria ya mwaka 2007 barabara kuu na za mkoa zina mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyingine zina upana zaidi. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara mpaka Kiluvya, zilivunjwa. Kati ya waliolia walikuwamo watu waliokuwa na karatasi, tena karatasi zenye mashahidi. Karatasi haimshindi mto, wala haiisogezi barabara.

Majirani uwaulize bila muuzaji kuwapo. Kaa nao, pokea maji ya kunywa, waache waseme. Jirani wa pande nne wajua kuliko ofisi nzima, ingawa kila mmoja wao atausogeza mpaka kidogo kuelekea kwako.

Nataka nirudi kidogo katika jambo la Torati, maana hapo ndipo moyo wangu uliposimama. Nchini mwetu ardhi yote ni ya umma, naye Rais ni mdhamini wake. Raia hupewa haki ya kuikalia kwa miaka, 33, au 66, au 99. Wageni hushangaa wakisikia hivyo. Msomaji wa Mambo ya Walawi hashangai. Katika sura ya 25 Bwana aliwakataza Waisraeli kuiuza nchi kabisa, kwa kuwa ni yake, nao ni wageni na wapangaji kwake. Walichouziana ilikuwa hesabu ya mavuno mpaka mwaka wa yubile. Miaka ikiwa mingi bei ipande, ikiwa michache ishuke, wala mtu asimpunje ndugu yake. Maana yake kwetu ni nyepesi sana na huachwa na wengi: ukionyeshwa hati, soma imeanza mwaka gani na ni ya miaka mingapi. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1998 si kitu kimoja na ile ya miaka 99 iliyotolewa juzi, ingawa muhuri unafanana. Uliza na kodi ya ardhi ya kila mwaka kama imelipwa, usije ukanunua nyumba pamoja na deni lake.

Najua mtakavyosema, maana nimeyasikia: "Mchungaji, nikimwuliza mambo haya yote ndugu yangu Mkristo, ataona simwamini." Neno hili limewaumiza watu wetu kuliko wezi. Mwizi huja usiku, nawe unamwogopa. Lakini haya ya kumwuliza ndugu huja mchana na kuketi nawe mezani. Yule mwanamke hodari wa Mithali 31 alilifikiri shamba kwanza, kisha akalinunua; hakuna aliyesema alimkosea muuzaji heshima. Daudi alipotaka kiwanja cha kupuria cha Arauna Myebusi, mfalme akinunua kwa mtu wa chini yake, alitaka bei itajwe, akalipa shekeli 50 za fedha. Tena, kupima humlinda muuzaji pia. Kama nalimwambia mzee wetu, Ngoja, twende na utepe, asingalikuwa na deni mbele ya mjane, na sura yake isingaliinama mbele ya wajukuu zake.

Maana yeye naye, ndugu zangu, hakuwa mwizi mtupu. Nalikwenda kwake jioni tatu. Jioni ya kwanza alikasirika, akasema ninamchafulia jina. Jioni ya pili alinyamaza. Jioni ya tatu aliniambia, "Mchungaji, mimi nalisema hatua." Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Ni mimi niliyeandika mita." Tukakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema jambo jingine, kwa sauti ndogo: kwamba habari ya mwembe aliijua. Jirani alikuwa amemlipa miaka sita nyuma kwa sehemu ile, naye alidhani mama hatajenga mpaka pale. Katekisimo latuambia katika Amri ya Tisa tusiitafute nyumba ya jirani yetu kwa hila, huku tukijionyesha kama wenye haki. Nalikuwa nimefundisha amri hiyo zaidi ya miaka kumi, nikidhani yamhusu tu mwenye kutamani. Pale barazani nikaona yamhusu pia mwenye kuuza, tena mwenye kuandika.

Jumapili iliyofuata nalisimama mbele ya wazee wa kanisa, nikaungama kosa langu la kalamu. Sikutaja la mzee. Hilo lilikuwa lake, naye aliungama mwenyewe wiki mbili baadaye, si kwa maneno mengi. Aliikata miche mitatu ya mikorosho nyuma ya kiwanja, akampa mama mita 6 zaidi kwa upande ule. Nami nimechukua gharama ya mpima ardhi. Mshahara wangu wajulikana, basi nitalipa kwa mafungu matatu.

Twalikwenda siku ya Jumamosi, asubuhi, umande haujakauka. Mzee alishika ncha moja ya utepe, mama akashika ya pili, nami nilikuwa na kalamu. Majirani wote wanne walikuwapo, na yule wa mwembe alikuja na mtoto wake. Upana mita 15. Urefu, kutoka mwisho wa hifadhi ya barabara mpaka kisiki cha mkorosho, mita 16. Mama alifanya hesabu kabla yangu. Akasema, "Ni 240, Baba Mchungaji. Usiandike zaidi."

Nikaandika 240, na chini yake majina ya majirani, na mwembe, na kisiki. Karatasi ni tatu: moja anayo mama, moja anayo mzee, na moja imo katika kabati la usharika, ndani ya mkebe wa bati kwa ajili ya mchwa. Mpima ardhi ameahidi kuja masika yakiisha.